SOMO LA URAIA: BARABARA INAPOFIKA KWENYE NYUMBA YETU



Kila mwaka mvua ikianza, sisi watu wa Kasaji tunalia neno moja: barabara! Barabara ya taifa namba 39, ile inayopita Kolwezi na Mutshatsha, inafika kwetu na kuendelea mpaka Dilolo kwenye mpaka wa Angola, inageuka matope. Malori yanalala njiani, na bei ya chumvi na sabuni inapanda. Kwa hiyo tukisikia kwamba barabara itatengenezwa, tunapiga vigelegele.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye hapigi vigelegele. Ni yule mwenye nyumba kando ya njia. Tuchukue mfano wa baba mmoja. Alifyatua matofali kwa mikono yake, akayachoma, akajenga vyumba vitatu, akanunua mabati kidogo kidogo. Siku moja jirani anamwita kwenye lupango:

— Papa, unasikia? Banasema barabara itapanuka. Balikuya kupima, balisimika vijiti mpaka kwa muembe yako.

— Kwa muembe? Na nyumba yangu?

— Miye sijue. Banasema benyi kuwa karibu batabomolewa.

— Basi tutaenda wapi na batoto?

Usiku ule baba yule hakulala. Je, afanye nini? Wengine watamwambia apige kelele. Wengine watamwambia anyamaze, kwa maana Leta ni Leta. Sisi tunasema: kwanza ajiulize maulizo matatu.

1. NANI ALITANGULIA, BARABARA AO NYUMBA?

Ulizo hili ni kubwa sana. Tutazame Tanzania. Katika mwaka 2017, nyumba nyingi zilibomolewa Dar es Salaam kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, ili barabara ipanuliwe. Serikali ilisema eneo la barabara pale ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya njia. Fikirini, ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira! Watu walikuwa wamekaa pale miaka mingi. Walihesabiwa kuwa wameingia katika eneo la barabara, wakabomolewa bila malipo.

Kwa barabara kuu nyingine za nchi ile, eneo lilikuwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya mwaka 2007 ikaliongeza kufika mita 30. Basi wapimaji wakatumia rangi mbili. Alama ya X nyekundu ilionyesha nyumba iliyoifuata barabara: haina malipo. X ya kijani ilionyesha nyumba iliyofuatwa na barabara: mwenyewe alipwe. Nyumba mbili jirani, rangi mbili, maisha mawili tofauti.

Fundisho ni hili: usipime kwa macho. Kabla ya kujenga, enda kuuliza kwenye biro ya kadastre mawe ya mpaka yako wapi, na njia imewekewa nafasi gani. Kwa barabara za taifa iko Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971. Kwa njia za ndani ya miji iko OVD, iliyoundwa mwaka 1987.

2. UKO NA KARATASI GANI?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, ilisema udongo wote ni mali ya Leta. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki ile inashuhudiwa na cheti cha kuandikishwa, kile watu wanachoita sertifika. Lakini wengi wetu tuko na nini? Wengine wako na karatasi ya kuuziana tu. Wengine wako na neno la chifu. Wengine wako na karatasi nzuri, lakini jina lililoandikwa ni la babu aliyekufa zamani. Siku ya malipo, babu hawezi kuja kupiga sahihi! Wajukuu wanaanza kugombana, na wakati unapita.

Walakini, asiye na sertifika asikate tamaa upesi. Sheria ya tarehe 22 mwezi wa 2, 1977, juu ya kunyang'anya mali kwa faida ya watu wote, ilitaja pia haki za jamii za vijiji juu ya ardhi wanayoitumia.

3. SAA YA KUSEMA NI GANI?

Sheria ile ya 1977 iliweka hatua. Kwanza Leta itangaze kwa maandishi kwamba kazi ni ya faida ya wote. Halafu mwenye mali apewe habari. Tangu pale yuko na mwezi mmoja wa kuleta malalamiko yake. Kama hawapatani juu ya bei, tribinali inaamua. Nayo Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inasema malipo yawe ya haki, tena yatangulie.

Kwa hiyo vijiti peke yake si barua, na "banasema" si sheria. Lakini barua ikifika, mwezi mmoja ni mfupi. Anayelala siku thelathini ataamka na tingatinga mlangoni.

Tusidanganyane: sheria nzuri haifanyi kazi peke yake. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya Kolwezi, kwenye Cité Gécamines, ambako watu waliondoka nyumbani kwa sababu ya mgodi kupanuka. Wamoja walieleza kwamba malipo hayakutosha kupata nyumba kama ile waliyoiacha. Ndiyo sababu inafaa majirani waende pamoja, na maandishi mkononi, mbele ya kukubali bei.

Barabara tunaitaka. Mgonjwa afike hospitalini, muhogo ufike sokoni. Lakini faida ya wote isilipwe na mtu mmoja peke yake. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KAZI YA NYUMBANI

a) Uliza wazazi kwa heshima: karatasi ya nyumba yetu iko wapi, na jina la nani limeandikwa?

b) Pima kwa hatua kutoka katikati ya njia mpaka kwenye ukuta wenu. Andika hesabu.

c) Kama ungekuwa baba yule wa muembe, kesho asubuhi ungeanza kwenda wapi? Eleza kwa mistari kumi.