Darsa: Hayy bin Yaqdhan na Kuitafuta Nuru

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa maswali tuletewayo mno na vijana waliosoma skuli ni hili: Je, mtu aweza kumjua Mola wake kwa akili yake pekee? Na akisha kumjua, sala tano na saumu zamfaa nini? Wazee wengi wakiulizwa swali hili huwakemea vijana. Lakini kijana aliyekemewa hanyamazi. Huenda kuuliza kwingine, akajibiwa na asiyeijua dini, na mwisho wake huonekana pale safu ya msikitini inapopungua mtu mmoja. Sisi twaona kukemea si jibu. Swali lenyewe si geni: mwanachuoni wa Kiislamu alilitungia hadithi zaidi ya miaka 800 iliyopita. Leo tutaieleza hadithi hiyo, kisha tuipime kwa mizani ya Kitabu na Sunna, tuchukue lililo jema na tuwache lisilokuwa hilo.

MTUNGAJI WA KITABU

Mtungaji wake ni Abu Bakr Muhammad bin Abdul-Malik bin Tufayl, mzaliwa wa Wadi Ash, karibu na Granada katika Andalusi, nchi ambayo leo ni Hispania. Alikuwa tabibu wa Sultani Abu Yaaqub Yusuf wa dola ya Muwahhidun, naye ndiye aliyempeleka Ibn Rushd mbele ya Sultani huyo. Alikufa Marrakesh mwaka 581 wa Hijra, yaani 1185. Kitabu chake chaitwa Hayy bin Yaqdhan, maana yake Aliye Hai mwana wa Aliye Macho. Jina hilo Ibn Sina alitangulia kulitumia. Mwaka 1671 Edward Pococke alikitoa kwa Kilatini huko Oxford, na mwaka 1708 Simon Ockley akakifasiri kwa Kiingereza kutoka Kiarabu. Basi kijana adhaniye kuwa riwaya ya mtu atafutaye haki ni fani ya Wazungu pekee, na ajue kuwa wao waliisoma kwetu.

HADITHI YENYEWE

Hayy alilelewa katika kisiwa kisicho na watu, upande wa Bara Hindi. Mtungaji ataja kauli mbili za asili yake. Moja yasema alitokea katika udongo uliochachuka. Hiyo ni kauli ya wanafalsafa, nasi hatuna haja nayo. Ya pili yasema mamake, dada wa mfalme wa kisiwa jirani, alimtia sandukuni akamwachia bahari kwa kuchelea dhulma ya nduguye. Msomaji hapana shaka atamkumbuka mamake Nabii Musa.

Paa jike aliyepotewa na mtoto wake akamnyonyesha na kumlea. Hayy alipokua akajiona yu uchi, akajifunika. Kisha paa akazeeka akafa. Kijana akamwita, asiitike; akamtazama macho na masikio, asione palipoharibika. Akampasua kifua kwa mawe makali, akauona moyo, na ndani yake vyumba viwili: kimoja kimejaa damu iliyoganda, na kimoja kitupu. Hapo akatambua kuwa mamake hakuwa mwili ule. Mamake ni kile kilichokaa katika chumba kile kikahama. Akajifundisha kuzika kwa kumtazama kunguru, kama alivyojifundisha mwana wa Adamu katika Sura ya Al-Maida.

Tangu siku ile hakupumzika. Akatazama moto, mimea, wanyama na nyota. Akajiuliza: ulimwengu huu una mwanzo, au hauna? Hoja za pande zote mbili zikamlemea. Lakini akaona kuwa kwa njia yoyote ile hapana budi awepo Mtengenezaji asiyekuwa mwili. Alipofika umri wa miaka 35 moyo wake ulikuwa umeshikamana na huyo Mtengenezaji, hata akiona kitu humkumbuka kwanza aliyekifanya.

Kisha akajifungia pangoni, akapunguza chakula, akafumba macho, mpaka akajisahau mwenyewe. Na hapa pana hatari kubwa kitabuni. Alipozindukana ikampitikia kuwa dhati yake na dhati ya Haki ni kitu kimoja. Ibn Tufayl asema wazi kuwa hiyo ni shubha, nayo ilimwondokea kwa rehema ya Mwenyezi Mungu.

Alipokaribia miaka 50 akafika Absal, mtu wa kisiwa cha pili chenye watu na dini ya Mtume, naye ataka upweke. Absal akamfundisha kusema, kisha akamweleza habari za Mola, Pepo na Moto, sala, zaka, saumu na hija. Hayy akaona kuwa yote hayo hayapingani na aliyoyajua, akamsadiki Mtume, akashika ibada. Ila mambo mawili yalimtatiza: mbona Mtume amesema na watu kwa mifano, na mbona amewaruhusu kuchuma mali?

Akataka kwenda kuwafundisha. Wakapanda jahazi mpaka kisiwa kile, ambacho mtawala wake ni Salaman, rafiki wa Absal. Mwanzo watu walimkirimu. Alipovuka dhahiri ya maneno wakamkimbia. Mwisho akafahamu hekima ya sharia. Akawataka radhi, akawausia kushika mipaka ya sharia na kujiepusha na bidaa, akarudi na Absal kisiwani kwao kuabudu hata walipokufa.

TUNAYOCHUKUA

Kwanza: akili ni amana. Qurani yawasifu wanaofikiri katika uumbaji wa mbingu na ardhi, na yatueleza Nabii Ibrahim alivyowahoji watu wake kwa nyota, mwezi na jua. Mzazi amkatazaye mwanawe kuuliza ameufunga mlango uliofunguliwa na Qurani.

Pili: akili ina mpaka. Hayy alijua kuwa Mola yupo, lakini hakujua Mola ataka aabudiwe vipi. Idadi ya rakaa, kiwango cha zaka na mwezi wa saumu havipatikani kwa kupasua moyo wa paa wala kwa kuhesabu nyota. Ndiyo maana, ujumbe ulipomfikia, hakusema, "Mimi nimekwisha kufika." Alisimama akasali.

Tatu: na hili ni jibu la anayedai kuwa amefunuliwa siri, kwa hiyo sharia imemwondokea. Hayy hadithini aliona asiyoyaona mtu, na bado alisali na kufunga. Basi vipi huyu wetu, aliyekesha siku tatu?

TUNAYOWACHA

Hayy aliiga mzunguko wa nyota kwa kuzunguka mwenyewe, akiona ni njia ya kukurubia. Ibada hatuizui wenyewe, hiyo twaiwacha.

Vile vile twawacha kule kurudi kisiwani. Mtume wetu (S.A.W.) alijitenga katika pango la Hira kabla ya wahyi, ulipomshukia aliteremka kwa watu, akastahimili maudhi yao miaka 23. Katika hadithi zake imepokewa kuwa muumini achanganyikaye na watu akavumilia udhia wao ni bora kuliko asiyechanganyika nao. Na wale waliomfahamu walikuwa wachungaji, wafanyi biashara na watumwa kama Bilal (r.a.). Ibn Tufayl aliwakatia tamaa watu wa kawaida upesi mno; Mtume hakuwakatia tamaa.

Tabibu Ibn al-Nafis, aliyekufa mwaka 1288, alitunga hadithi ya namna hiyo hiyo juu ya mtu aitwaye Kamil. Kamil naye alelewa peke yake kisiwani, lakini fikira zake zamfikisha kwenye kuwajua Mitume na haja ya watu kwao. Twaona huyu aliikamilisha njia ambayo wa kwanza aliishia katikati.

Basi, kijana, uliza wala usiogope. Na ukisha kuuliza, rudi safuni. Nawe mzee, kaa na mwanao umsikilize kabla hajasikilizwa na mwingine. Kisiwa kile cha Salaman ndicho mji wetu huu. Tukiukimbia sote, nani atawafundisha watu wake?

MASWALI YA DARSA

1. Hayy alijua nini kabla ya kuja Absal, na hakujua nini?
2. Shubha iliyompitikia pangoni ni ipi, na hatari yake ni nini?
3. Pango la Hira na pango la Hayy yatofautiana kwa lipi?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, na aturuzuku kuifuata. Amin.