Sepsisi Hudhoofisha Kumbukumbu ya Kinga ya Mwili

Je, msomaji, umewahi kumwona mgonjwa aliyepona sepsisi, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha baada ya wiki chache akarudi wadini na nimonia? Jamaa watasema amerogwa. Huenda sababu imo katika damu yake.

Sepsisi hutokea wakati maambukizi, yawe ya kidonda, mapafu, mkojo au tumbo la uzazi, yanapoufanya mwili upigane ovyo hadi ukaumiza viungo vyake wenyewe. Katika vita hivyo chembechembe nyeupe nyingi za damu hufa. Miongoni mwazo ni seli T za kumbukumbu, yaani wale askari wa zamani wanaokumbuka viini vilivyokuvamia na kuviwahi kabla hujaugua tena.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani walieleza walivyochunguza wengu na mapafu ya watu waliouawa na sepsisi. Seli za kinga zilizosalia zilikuwa hoi, zikitoa kemikali kidogo mno za kupigana. Majaribio ya panya nayo yameonyesha kuwa hata idadi ya seli za kumbukumbu inaporudi, nguvu zake hazirudi zote. Ndipo hata virusi vilivyolala mwilini, kama vile vya malengelenge ya midomo, huamka.

Basi ukimuuguza mtu aliyetoka kuugua sepsisi, usingoje kesho. Akitetemeka kwa homa, akihema upesi, akichanganyikiwa au mkojo ukipungua, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kuwa aliwahi kuugua sepsisi. Ulizia pia chanjo ya nimonia.