Chumvi Mbadala na Dawa za Kolesteroli
Wagonjwa wengi wa presha na kolesteroli hapa Ahero, wakiambiwa wapunguze chumvi, huhamia chumvi mbadala ya supamaketi. Chumvi hiyo imepunguzwa sodiamu ikawekwa potasiamu. Maji ya majivu yaliyochujwa, ambayo wengine hupikia osuga, nayo yana potasiamu. (Magadi si suluhisho: ni sodiamu tu, na haimfai mwenye presha.)

Atorvastatini, dawa ya kolesteroli, haigombani na potasiamu. Tatizo liko kwa dawa zinazoandamana nayo: losartani, enalaprili na spironolaktoni hupunguza uwezo wa figo kutoa potasiamu mwilini. Ikizidi kwenye damu, misuli hulegea na moyo unaweza kupiga ovyo, hata kusimama. Mara nyingine hakuna dalili kabisa.

Atorvastatini pia huweza kuumiza misuli. Kwa hiyo mgonjwa akilegea huilaumu, akaiacha, huku akiendelea na chumvi ileile.

Usiache dawa kabla ya kumwona daktari. Ukienda kliniki, beba dawa zako zote pamoja na pakiti ya chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo asiionje chumvi hiyo kabla ya kupimwa damu.