Orijino na Feki: Mafunzo Saba Niliyopata kwa Vipepeo wa Kariakoo

Nimeuza kanga na vitenge Mtaa wa Uhuru kwa miaka kumi na minane, na katika miaka kumi na mitatu ya mwanzo sikuwahi kumtazama kipepeo. Kariakoo hakuna anayeinua macho bure: ukiinua macho, mkokoteni unakupita miguuni au simu inakutoka mfukoni. Kilichonibadilisha ni mdudu mkavu aliyedondoka siku moja nilipokuwa nashusha majora ya rafu ya juu. Alikuwa wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi, na juu ya ule weusi mabaka meupe. Nikamlaza juu ya kaunta, nikajiuliza: pindo hili kalichora nani?

Nikampeleka kwa mzee mmoja fundi saa, mwenye kimeza chake kwenye kibaraza cha duka la jirani. Tangu siku hiyo tuko darasa moja, yeye dawati la mbele, mimi la nyuma. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Hesabu miguu kabla ya kusifia rangi

Mzee alibandika lenzi yake jichoni, akamgeuza yule mdudu kwa kibanio cha saa, akakaa kimya kama anayetafuta skrubu iliyoanguka. Kisha akasema, "Kijana wangu, huyu ana miguu minne."

Nikamwambia haiwezekani, shuleni tulifundishwa mdudu ana sita. Akanipa lenzi. Miguu minne mirefu ilikuwa imekunjamana chini ya tumbo. Lakini juu zaidi, karibu na shingo, palikuwa na vijiti viwili vifupi vyenye manyoya, vimebanwa kifuani kama mtu aliyekumbatia mikono kwa baridi. Mzee akachukua brashi yake ndogo ya kufagilia vumbi kwenye gia, akaiweka ubavuni mwa mdudu. Vilifanana kabisa, isipokuwa kimoja kilikuwa kimenunuliwa.

Hiyo ndiyo alama ya ukoo unaoitwa kitaalamu Nymphalidae, vipepeo wenye miguu ya brashi. Ndio ukoo mkubwa kuliko wote wa vipepeo duniani, wenye spishi zipatazo 6,000, na wengi wao ni wa nchi za joto kama yetu. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, ambaye viwavi wake hula majani ya milimao na mindimu, si wao. Huyo ni Papilio, husimama kwa miguu yote sita. Hata akiwa pupa utamtambua, kwa kuwa hujifunga uzi kiunoni kama mkwezi wa minazi, ilhali hawa wa brashi huning'inia kwa mkia tu, kichwa chini.

2. Kiungo kisichotembea si kiungo kisicho na kazi

Nilidhani vile vimiguu ni masalia tu, kama vifungo vya mkono wa koti. Nilikosea. Jike anayetaka kutaga hutua juu ya jani, akalipigapiga upesi kwa miguu hiyo ya mbele kama mpiga dumbaki. Kwenye ncha zake kuna vihisio vya ladha. Analionja jani kabla ya kulikabidhi yai, kwa sababu kiwavi atakayetoka hatakuwa na nauli ya kwenda kutafuta jani jingine.

Niliposikia hivyo nilicheka, kwa kuwa nilimkumbuka mteja wangu wa siku zote. Mama aliyezoea vitenge haulizi jina la kiwanda. Anaingiza kidole gumba na cha shahada kwenye jora, anasugua mara mbili, anakwambia, "Hii ina nailoni." Macho unaweza kuyahadaa, vidole vyake huviwezi.

3. Ukoo mmoja, milango mingi

Nilipoanza kutafuta vitabu, wa kwanza kutajiwa alikuwa Jan Kielland, Mnorwei ambaye kitabu chake kuhusu vipepeo wa Tanzania kilichapishwa mwaka 1990. Lakini kila nilipofungua vitabu vya zamani zaidi nilichanganyikiwa. Kimoja kinamweka kipepeo wangu kwenye ukoo wa Danaidae, kingine kinamtia Nymphalidae. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Mwaka 1758 Mswidi Carl Linnaeus aliwatia vipepeo wote wa dunia kwenye jenasi moja tu, Papilio, mithili ya mtu anayeita kila kitambaa "nguo". Jina la ukoo wa Nymphalidae lilikuja mwaka 1815, kutoka kwa Rafinesque. Baada ya hapo wataalamu waligawana: wengine wakawatenga Danaidae, wengine wakawatenga Satyridae, na wale wadogo wekundu wa Afrika wakapewa nyumba yao, Acraeidae. Siku hizi, kwa kulinganisha maumbile pamoja na vinasaba, wote wamerudishwa nyumbani. Ukoo ni mmoja, na kwa hesabu inayotumika sana una milango kumi na miwili.

Mtu wa Kariakoo halimpi shida jambo hilo. Duka langu lina kanga na vitenge, lakini kanga zenyewe nazipanga kwa mji, kwa pindo, au kwa jina lililoandikwa chini? Kila mpango ni halali mpaka mteja aulize swali ambalo mpango huo hauwezi kulijibu. Vipepeo waliulizwa swali la nani ni ndugu wa nani, na mipango ya zamani ikashindwa kujibu.

4. Kila orijino ana feki wake

Hapa ndipo nilipozama. Yule mdudu wangu wa rangi ya chungwa ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na katika utomvu huo mna sumu ya kushtua moyo. Anaila, anaihifadhi, anakua nayo. Ndege akimdonoa mmoja, anatapika, na rangi ile haisahau tena. Ndiyo maana anaruka polepole kama bwana harusi: hana wa kumkimbia. Ni mwenyeji wa zamani wa Afrika. Yumo hata kwenye michoro ya kaburi la Nebamun kule Misri, iliyochorwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita.

Jirani yake ni Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi lenye mabaka sita meupe yaliyozungukwa na zambarau inayometa. Lakini jike? Jike ni chungwa, ncha nyeusi, mabaka meupe. Ukimtazama ukiwa ng'ambo ya barabara, utaapa ni Danaus. Hana sumu yoyote. Amevaa jina la mwenzake.

Mzee alinionyesha pa kutazama. Danaus ana madoa meusi matatu katikati ya bawa la nyuma, na dume huongeza la nne. Feki ana moja tu, karibu na ukingo wa juu wa bawa hilo. Nikaanza kusimama mlangoni kuhesabu madoa kama ninavyohesabu noti.

Cha kustaajabisha zaidi, orijino mwenyewe ana matoleo. Dar es Salaam anapatikana yule mwenye ncha nyeusi, na pia yule asiye na weusi wala weupe, chungwa tupu, aitwaye dorippus. Na feki? Naye ana toleo la chungwa tupu. Watu wa viwanda vya kuiga wangemwonea wivu. Jozi hii ilimfanya mtafiti David Smith awachunguze hapahapa nchini, na mwaka 1973 jarida la Nature likachapisha kazi yake kuhusu uigaji huo nchini Tanzania.

Kuna sharti moja ambalo mfanyabiashara yeyote analielewa. Feki hunufaika pale tu orijino anapokuwa mwingi. Feki wakizidi, ndege wachanga wataonja kumi, watakuta wanane watamu, na ile rangi itapoteza heshima yake kwa wote, hata kwa mwenye sumu halali. Nimeliona hilo mtaani kwetu. Miaka michache iliyopita kitenge kimoja cha jina kubwa kiliigwa mpaka kikajaa kila kona. Mwishowe wateja wakaacha kukinunua hata kwangu, niliyekuwa na kile halisi.

5. Geuza upande wa pili

Kitenge cha nta halisi kina rangi kamili pande zote mbili. Cha kuiga ukikigeuza kimepauka. Kipepeo naye mgeuze. Jioni moja ya Julai aliingia dukani mdudu wa kahawia, akaizunguka taa, akatua ukutani na kufunga mabawa. Akapotea. Nilikuwa nimemkazia macho na bado alipotea, kwa kuwa upande wa chini wa mabawa yake ni jani kavu lenye mshipa wake wa katikati.

Huyo ni Melanitis leda, wa mlango wa Satyrinae, ambaye viwavi wake hula nyasi za aina nyingi. Nadhani alitokea bondeni Jangwani. Wakati wa masika nilimwona tena, safari hii ana mstari wa madoa kama macho upande uleule wa chini. Nilijua ni spishi nyingine, nikamwandika hivyo kwenye daftari. Mzee akanifutisha. Ni yuleyule mwenye nguo mbili za msimu: kiangazi majani makavu ni mengi, basi hujificha miongoni mwayo, mvua zikija na kila kitu kikawa kijani, macho ya bandia humfanya adui adonoe pembeni mwa bawa badala ya kichwani.

6. Si wote wanaokunywa maua

Nilipanda maua kwenye makopo ya rangi nikitarajia kumwita Charaxes, jenasi ya vipepeo wanene wenye mbio ambao fundi saa alikuwa akiwasifia. Hakuja hata mmoja. Mzee akacheka: "Hao hawanywi chai, hao wanakunywa pombe." Charaxes hufuata utomvu wa miti, matunda yaliyochachuka, hata samadi.

Tukapanda daladala mpaka Pugu na ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi. Msituni tulizitandaza chini ya mti, tukakaa. Wa kwanza hakuwa Charaxes, alikuwa Euphaedra neophron: mkubwa, mwenye samawati nyuma, na kwenye bawa la mbele jeusi mkanda wa dhahabu kama wa ofisa. Aliruka chinichini kwenye njia, akatua juu ya ndizi, akafungua mrija wake. Charaxes walifuata baada ya saa moja, wakapigania ndizi wakisukumana kwa mabawa.

Narudi Kariakoo, najiuliza: nyuma ya Soko Kuu, lile lililobuniwa na Beda Amuli lenye paa za miavuli ya zege, kila jioni kuna maembe na ndizi zilizooza za kutosha misitu mitatu. Kwa nini Euphaedra haji? Kwa sababu chakula cha mzazi si hoja. Hoja ni jani la mtoto.

7. Magugu ya uani ni wodi ya wazazi

Fundisho hili nililipa kwa fedha yangu. Nyumba tunayoishi ni ya Kiswahili, ina ua nyuma, na karibu na bomba palikuwa na magugu: mtikini, nyasi, na ule mmea mnene wa kutambaa wenye mashina mekundu ambao wazee huuita tako la Hasani. Mwaka juzi nilipata faida nzuri, nikaona aibu na ua wa matope. Nikatandaza pevingi ukuta hadi ukuta, na nyufa nikazinyunyizia dawa ya kuua magugu. Wageni wakasifu.

Masika yaliyofuata sikumwona feki hata mmoja. Nilimlalamikia mzee, nikalaumu joto, nikalaumu majengo marefu. Akaniuliza, "Ule ua wako uliota nini zamani?" Nilipomtajia, akavua lenzi. Hypolimnas misippus hutaga juu ya tako la Hasani na juu ya mtikini. Viwavi weusi wenye miiba niliokuwa nikiwafagia asubuhi kwa asubuhi ndio waliokuwa wakining'inia, wakapasuka, wakaja kunitembelea dukani.

Mpanda mchongoma, wanasema, kushuka ndiyo ngoma. Niling'oa tofali tisa karibu na bomba. Mke wangu aliniuliza kama nimepoteza pete.

Tako la Hasani lilirudi baada ya mvua ya pili bila kualikwa. Wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, nikichota maji, alitua jike wa rangi ya chungwa. Nilihesabu: doa moja. Akapigapiga jani kwa vile vibrashi vyake, akahama, akapigapiga jingine, akapinda tumbo na kuacha kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Ndoo ilijaa ikamwagika. Nilichelewa kufungua duka, na sikumwambia mteja yeyote sababu, isipokuwa mzee, ambaye aliuliza tu ni jani la ngapi kutoka bombani, akafunga kimeza chake tukaenda kuangalia.