Siku Tano Nje ya Mwili

Jina la "mtoto wa chupa" limewapotosha wengi. Hakuna mtoto anayekulia chupani. Kinachofanyika maabara ni kazi ya siku tano au sita tu.

Tuanze na njia ya kawaida. Kila mwezi ovari huachia yai moja, dogo kama nukta ya kalamu: upana wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Yai huingia katika mrija wa uzazi na huishi humo kwa saa 24 hivi. Mbegu za kiume hupanda kulifuata, na hukutana nalo mrijani humo, si katika mfuko wa uzazi kama wengi wanavyodhani. Likisharutubishwa, huanza kugawanyika huku likisukumwa polepole hadi mfukoni, ambako hujishikiza ukutani.

Sasa mrija ukiziba, pengine kwa maambukizi ya zamani yasiyotibiwa, yai lipo, mbegu zipo, mfuko upo. Pa kukutania ndipo hapapo. Hilo ndilo lililompata Lesley Brown wa Uingereza. Daktari Patrick Steptoe alimtoa yai moja, wenzake Robert Edwards na Jean Purdy wakalikutanisha na mbegu za mumewe kisahanini, na lilipofikia seli nane likarudishwa mwilini. Bintiye Louise alizaliwa Oldham, 25 Julai 1978.

Siku hizi yai moja halitegemewi. Mke hudungwa homoni kwa siku kumi hivi ili mayai kadhaa yakomae pamoja. Ultrasaundi ikionyesha vifuko vya mayai vimefikia milimita 18 hivi, hupewa sindano ya mwisho, tena kwa saa maalumu, kwa sababu mayai huvunwa saa 36 hivi baadaye. Ukichelewa, yameshatoka yenyewe. Daktari hupitisha sindano ndefu ukeni huku macho yakiwa kwenye skrini, akavuta maji ya kila kifuko. Mtu wa maabara huyatafuta mayai humo kwa hadubini.

Mayai na mbegu huwekwa pamoja katika kabati lenye nyuzi 37, joto la mwili. Mbegu zikiwa chache au dhaifu, mtaalamu huchagua moja na kuidunga ndani ya yai. (Karibu nusu ya visa vya ugumba vina mkono wa mwanamume, lakini kwetu anayenyooshewa kidole ni mke.) Kesho yake hutazamwa jambo moja: je, ndani ya yai kuna viini viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, cha mama na cha baba? Vikiwepo, urutubishaji umefanyika. Siku ya tano yai hilo, ambalo sasa huitwa kiinitete, huwa na seli mia moja hivi.

Hurudishwa kwa mpira mwembamba unaopita mlango wa kizazi, kazi ya dakika chache. Maabara inaishia hapo. Kujishikiza ni kazi ya mwili, na mara nyingi hakutokei, hasa mayai yakiwa na umri: mwanamke huzaliwa nayo yote, na huzeeka pamoja naye. Jibu hupatikana kwa kipimo cha damu, wiki mbili hivi baadaye.

Mkikaa mwaka mmoja bila mimba, au miezi sita ikiwa mke ametimiza miaka 35, nendeni hospitali wote wawili. Kipimo cha mbegu za mume ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa mke. Kianze hicho.