Jani la Mirungi Mwilini

Katika milima ya Upare, wilayani Same, humea mti uitwao mirungi. Sheria ya Tanzania yaukataza, na mwaka 2023 mashamba yake mengi huko yalifyekwa. Machipukizi yake hufungwa katika majani ya mgomba yasinyauke. Wachukuzi wake wana haraka, kwa maana nguvu ya jani imo katika ubichi wake. Kilevi kilichomo chaitwa kathinoni. Jani likikauka, hugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi.

Mtafunaji huyaweka majani shavuni, akameza maji yake kidogo kidogo. Kilevi hupenya ngozi laini ya kinywa, na kingine hupenya matumbo, hata kikaingia katika damu. Baada ya saa mbili hivi hufikia kipeo chake. Huko ubongoni huzifanya chembe za fahamu zimwage kwa wingi zile dawa ambazo kwazo hupelekeana habari. Basi moyo huenda mbio, njaa na usingizi hukimbia, na mtu hujiona ana nguvu mpya. Kumbe hakula wala hakulala; mwili umetoa akiba yake tu.

Ini hukivunja kilevi kile, na figo hukitoa katika mkojo. Ndipo uchovu hurudi, pamoja na huzuni na hamu ya kutafuna tena. Dereva aliyekesha kwa mirungi huweza kujiwa na usingizi wake alfajiri, mikono ingali juu ya usukani.