Kibaraza Kidogo, Bonde Zima

Ardhi tambarare ni adimu Lushoto. Anayenunua kiwanja kati ya Soni na Magamba hununua mteremko, na nyumba ikishakaa mahali pake, nyuma hubaki kipande chembamba kinachoishia kwenye migomba ya jirani. Wengi hukiachia mahindi au kamba ya nguo. Hapo hapo ndipo pa kujenga kibaraza cha mbao. Mita 3 kwa 4 zinatosha watu sita kunywa chai bila kugongana viwiko, mradi kipangwe vizuri. Huku milimani kibaraza huwa kikubwa kadiri jicho linavyofika ukiwa umekaa, na karibu kila ninaloshauri hapa chini ni kwa ajili ya hilo jicho.

1. Kaa kwanza, ndipo umwite fundi

Chukua kigoda na kikombe, ukae pale unapofikiria kujenga. Fanya hivyo asubuhi, adhuhuri na jioni. Ona jua linatokea wapi na linajificha nyuma ya mlima upi, maana kwenye mabonde yetu kivuli cha mlima hufika mapema.

Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo Juni na Julai, baridi inapotufunga kwenye masweta, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na Desemba huhamia kusini. Kibaraza kilicho upande wa kaskazini wa nyumba kitapata jua miezi ile unayolihitaji zaidi. Kilicho kusini kitakaa kwenye kivuli cha nyumba yako mwenyewe na kupokea upepo wa kusi pamoja na ukungu wake. Kama huna budi kujenga kusini, kisogeze kitoke kwenye kivuli cha ukuta, hata kama itakubidi kuweka njia ya ngazi mbili tatu kukifikia.

Ukishapata mahali, simika vijiti vinne, zungushia kamba, kisha weka meza na viti vya nyumbani ndani ya kamba. Nyuma ya kiti acha sentimita 80 hivi ili mtu aweze kuinuka na mwingine apite. Zoezi hili halina gharama, na mara nyingi ndilo linaloonyesha kwamba kinachobana ni meza.

2. Azima bonde

Nenda Irente ukaangalie. Ule mwamba wenyewe wa kusimamia si mpana, lakini chini yake kuna karibu mita 1000 za hewa, halafu Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Hakuna anayesimama pale akalalamika kwamba nafasi ni ndogo. Uani kwako huenda hakuna Irente, ila kipande cha kitu cha mbali hakikosekani: kilele chenye msitu, paa la kanisa ng'ambo, matuta ya kabichi yaliyopangana hadi mtoni.

Wajapani wameifanya kazi hii kwa karne nyingi. Katika bustani ya hekalu la Entsu-ji huko Kyoto, ua wa mimea umekatwa chini kiasi cha kuficha vitu vya karibu na kuuacha Mlima Hiei uonekane juu yake, hata mlima ule wa mbali ukawa sehemu ya bustani. Fanya vivyo hivyo. Ukiwa umekaa, macho yako yako mita 1.1 au 1.2 hivi juu ya sakafu. Chochote kibaya kilicho karibu, kama choo cha jirani, tangi au lundo la matofali, kifiche kwa mimea isiyofika kimo hicho. Vya mbali viache wazi. Mahali pengine tawi moja tu likikatwa linafungua bonde, kwa hiyo kata tawi, usikate mti.

3. Usikichimbe kilima

Hapa naomba unisikilize hata kama mengine utayapuuza. Njia iliyozoeleka ya kupata uwanja ni kuchimba ukuta wa udongo nyuma ya nyumba na kumwaga kifusi chini. Unapata tambarare, na unapata pia ukingo uliosimama wima, usio na mizizi, unaongoja masika yako ya kwanza. Ardhi ya Usambara ni nzito ikilowa. Kila aliyepanda kutoka Mombo wakati wa mvua kubwa anajua udongo unavyoweza kuteremka hadi barabarani.

Watu wa wilaya hii wamefundishwa kuulinda mteremko kwa miaka mingi. Waingereza walijaribu kwa amri kule Mlalo, wakakutana na upinzani mkali wa Wasambaa kuhusu matuta ya kulazimishwa. Baadaye mradi wa SECAP, ulioanza 1981 kwa ushirikiano na Wajerumani, ulihimiza mistari ya majani ya guatemala na miti kufuata kontua, na mingine bado unaiona mashambani. Kibaraza cha mbao juu ya nguzo kinafuata busara hiyo: mteremko unabaki ulivyo, maji yanapita chini, mizizi inaendelea kushika udongo.

Kwa mita 3 kwa 4, nguzo sita zinatosha. Chimba kila shimo hadi ukute udongo mgumu, sentimita 60 au zaidi, umwage zege. Nguzo ikae juu ya kiatu cha chuma kilichozama kwenye zege, isiguse udongo. Upande wa chini nguzo zitakuwa ndefu. Zikizidi mita moja na nusu, zifunge kwa mbao za mshazari zisiyumbe. Upande wa juu acha angalau sentimita 30 kati ya udongo na mbao ili hewa ipite. Mteremko ukiwa mkali kweli, au udongo ukionyesha nyufa, mlete mtu anayejua ujenzi aone kabla ya shimo la kwanza.

Na maji ya paa yasimwagikie chini ya kibaraza. Yapeleke kwenye simtanki au mtaro.

4. Ukingo mwepesi

Kinachokifanya kibaraza kidogo kionekane zizi ni ukingo mzito. Ukuta wa matofali wa mita moja unalifuta bonde lote kwa mtu aliyekaa, na pesa umelipa wewe. Tumia nguzo chache na nyaya za chuma zilizokazwa, au fito nyembamba za kusimama. Kimo kisipungue mita 1, na kama kibaraza kimeinuka sana, ongeza kidogo. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10, kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo hupita mahali usipotegemea. Nyumba yenye watoto wapandaji ichague fito za wima, maana nyaya za kulala ni ngazi kwao. Upande wa mandhari zipake rangi ya giza, kijani kilichoiva au nyeusi. Rangi nyeupe hulivuta jicho likasimama kwenye fito.

5. Viti viende pembeni

Wazanzibari walilimaliza suala hili zamani kwa baraza za mawe zilizojengwa pamoja na ukuta wa nyumba: mtaa mwembamba, watu wengi wameketi, na njia bado inapitika. Jenga benchi la mbao kando ya pande mbili zinazokutana pembeni, kimo sentimita 45, upana sentimita 40. Benchi moja la mita 3 linakalisha watu watano, wakati viti vitano vya plastiki vinameza nusu ya sakafu. Chini ya benchi weka mfuniko wa bawaba upate pa kuhifadhi mito, mkeka na jiko la mkaa.

Katikati pabaki patupu. Meza iwe ya kukunja, au stuli mbili za kuhamishika. Mkeka ukitandikwa, watoto wana uwanja na wazee wana benchi.

6. Mbao zielekee mbali

Jicho hufuata mistari ya sakafu. Zikipangwa mbao kutoka mlangoni kwenda upande wa bonde, kibaraza hurefuka machoni. Ukizipanga mshazari unapata mstari mrefu kuliko upande wowote wa kibaraza, ila vipande vinavyopotea kwenye kukata huongezeka, na fundi atataka malipo zaidi. Kwa mfuko wa kawaida, nachagua mbao zilizonyooka kuelekea mandhari. Boriti za chini zitapita kinyume chake, sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine.

Usichanganye upana wa mbao, wala usiweke rangi mbili.

7. Mbao gani

Swali hili litakugharimu zaidi kuliko yote, kwa hiyo lichukulie muda.

Mababu wangekwambia mwangati au mkulo. Mwangati wa Shume haukuwa na mpinzani: mchwa huukwepa na mvua huuchelea. Ndiyo sababu Wajerumani, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, walijenga njia ya nyaya ya kuteremsha magogo kutoka huko juu hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Kilichobaki cha msitu huo ni kidogo, na ndicho kinachoshika mawingu na kutiririsha vijito tunavyonywa. Mtu akikuletea usiku mbao za mkulo kwa bei nzuri, usinunue. Kibaraza cha kutazamia msitu kisijengwe kwa kuumaliza.

Mbao halali zipo karibu. Mashamba ya miti ya Shume na Magamba yana paini na saipresi, na mgrevilea umejaa pembezoni mwa mashamba ya watu. Paini ni nyepesi na rahisi kufanyia kazi, lakini bila dawa itaoza haraka kwenye ukungu wetu. Dai iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, ile yenye rangi ya kijanijani. Dawa ya kupaka kwa brashi hukaa juu juu. Saipresi inavumilia kuliko paini ghafi. Kwa nguzo, tafuta mkaratusi uliotiwa dawa, kama zile za umeme. Oili chafu ya gari inayopakwa na mafundi wengi sikushauri kabisa: inanuka, inachafua nguo, na mvua inaishusha hadi kwenye mboga za aliye chini yako.

Uliza kama mbao zimekauka. Zilizokauka ziachie upenyo wa milimita 5 kati ya moja na nyingine. Mbichi zibane karibu karibu, kwa sababu zitasinyaa na upenyo utajifungua wenyewe. Funga kwa skrubu zisizoshika kutu badala ya misumari. Ubao unaojipinda huung'oa msumari, na vidole vya miguu ndivyo vitakavyougundua.

8. Kizingiti kifupi

Sakafu ya ndani na ya nje zikikaribiana kimo, sebule na kibaraza husomeka kuwa chumba kimoja. Kwa mvua zetu usizilinganishe kabisa: shusha kibaraza sentimita 3 hadi 5, kielekeze nje sentimita 1 kwa kila mita, na upaue upenu mpana juu ya mlango.

9. Mti mmoja wa matunda

Vyungu kumi na viwili vikubwa vitakula nafasi uliyoihangaikia. Panda badala yake mti mmoja wa plamu nje ya ukingo, upande wa jua. Hupukutisha majani wakati wa baridi ukakuachia jua, huchanua, na kufikia msimu wa joto una kivuli na matunda ya kuchuma ukiwa umesimama kwenye kibaraza. Mparachichi, kwa upande wake, haupukutishi hivyo na hukua mno.

Kwa vyungu, tundika ubao mwembamba kwenye ukuta wa nyumba wenye kivuli, uweke maua ya Saintpaulia. Ni wenyeji wa milima hii. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku Tanga, alipeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, na leo yamo madirishani duniani kote. Inashangaza kuyakosa nyumbani kwetu. Ila usiyang'oe msituni, kwani huko yamepungua. Omba jani moja kwa mtu aliyeyafuga, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, nalo litatoa mche.

10. Taa ishuke

Balbu moja kali juu ya mlango huligeuza bonde kuwa ukuta mweusi. Weka taa ndogo za rangi ya manjano chini ya benchi na kwenye ngazi, zikimulika chini. Za sola zinatosha, na umeme ukikatika hutajua. Macho yakizoea, utaona taa za ng'ambo na mgongo wa mlima.

11. Kila masika yakiisha

Juni, kabla wageni wa likizo hawajafika, ondoa majani yaliyoziba kwenye upenyo, sugua ukungu wa kijani kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, kisha acha pakauke siku kadhaa za jua. Kaza skrubu zilizolegea. Ingia chini ukiwa na bisibisi, uchomechome miguu ya nguzo na ncha za boriti. Ikizama kirahisi, badilisha kipande hicho mwaka huo huo. Tazama pia vichuguu vya mchwa vinavyopanda kwenye zege, uviharibu. Kisha paka mafuta ya mbao upya, kuanzia zile ncha zilizokatwa, kwa kuwa ndizo zinazokunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote.